Ngamia Thelathini kwa Wino

6 Machi 1967, Jumatatu

Tok, tok. Ile kengele ya mti shingoni mwa ngamia anayetangulia. Sauti kavu. Nilienda nayo bwenini, Nairobi, ikakaa sikioni miaka minne, hata katika mtihani. Leo nimetega sikio tangu alfajiri. Kimya.

Ngamia wa Aabo, baba yangu, bado wako upande wa Balambala. Amri imetoka: mifugo yote iingie ndani ya ua wa kijiji chetu kipya tulimokusanywa na serikali, hapa Garissa, kabla ya jua la Jumamosi kuzama. Wasio na kibali watahesabiwa kuwa mali ya shifta, wale waasi wa porini, na kuchukuliwa. Vibali anatoa Koplo Kitheka, kwenye kizuizi cha barabara. Aabo amepanga foleni siku tatu. Amerudi na vumbi tu.

Nina mpango.

7 Machi, Jumanne

Sanduku la bati chini ya kitanda. Kushoto, vitabu vya picha: jamaa wa joho anayeruka maghorofa na kuzuia treni kwa kifua. Kulia, riwaya za mapenzi za kuchekesha. Nimezisoma mpaka zimelegea. Watu husema ni upuuzi. Lakini mle ndani anayeitwa husikia. Waliokosana ukurasa wa arobaini hupatana ukurasa wa mia na themanini. Adeer Gelle, mdogo wake Aabo, alikwenda kisimani mwezi wa Novemba. Hakurudi; ukurasa wa pili haukuja.

Mpango: kumwazima Koplo yule jamaa wa joho, kitabu kimoja kimoja, mpaka alegee. Binamu yangu Arbia amecheka hadi akashika ukuta. Abaayo, dada yangu, akasema, mwenzako ana bunduki, wewe una vikatuni!

8 Machi, Jumatano

Aibu. Koplo alipoona jaladani mtu aliyejifunika uso akauliza huyu ni shifta wa wapi. Nikasema ni mtu mwema. Akauliza, kama ni mwema, mbona anajificha? Kitabu kimezuiwa kama ushahidi.

Lakini! Akachungulia kikapuni, akaona riwaya ya mshona nguo na daktari wanaogombania mwavuli. Akaiomba. Kwa sauti ya chini, askari wenzake wasisikie.

9 Machi, Alhamisi

Ushindi! Koplo ana macho mekundu. Anataka kujua kama daktari atarudi. Hawezi kujua. Kurasa tisa za mwisho nilizikata kwa wembe kabla ya kumpa. (Iliniuma. Kidogo.) Nikamwambia, kibali kwanza. Akasema, Mwalimu, wewe ni mbaya kuliko shifta. Mimi si mwalimu. Ananiita hivyo kwa ajili ya miwani tu. Akatoa fomu.

Jina la mwenye mali: Yarow, ndiye Aabo. Alama ya moto: ipo. Idadi ya ngamia.

Nikamgeukia Aabo. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu. Ngamia hawahesabiwi. Anayetaja idadi analiita jicho la husuda lije liwale. Andika ni wa Mungu, akasema. Koplo akagongagonga kalamu. Foleni ikaguna. Mimi mwenyewe niliwahi kuwahesabu, kwa siri, likizo yangu ya mwisho malishoni, miaka mitatu iliyopita. Nikaandika thelathini. Kwa wino. Msichana wa riwaya hasiti.

Nikatoa kurasa tisa. Koplo akasoma palepale, akapenga kamasi, akagonga muhuri.

11 Machi, Jumamosi

Zamu haikuwa ya Koplo Kitheka.

Ngamia walipofika kizuizini, Sajini aliwahesabu kwa fimbo, mmoja mmoja, mara mbili. Arobaini na watatu. Ngamia huzaa. Mimi nilikuwa darasani nikisoma ushairi.

Sajini akasema thelathini ni wa mzee, kumi na watatu ni wa shifta, na anayechunga wa shifta hana tofauti nao. Akachukua wote. Wako kwenye zizi la serikali wakingoja mnada au kisu. Aabo wamemwachia kwa ajili ya mvi zake.

Alirudi na chombo cha maziwa, kitupu. Akauliza kama kwenye karatasi palikuwa na kosa. Nikasema ndiyo. Hakuuliza la nani.

12 Machi, Jumapili

Aabo amekaa mlangoni anataja majina yao. Hahesabu. Anaita tu. Adey. Bilan. Yule kilema aliyenunuliwa Habaswein. Alipofika kwa yule niliyepewa siku niliyozaliwa, akamruka. Akaendelea na mwingine.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikuthubutu kutoka.

Arbia ameleta chai. Leo hakucheka. Amenishika mkono akaniomba, abaayo, kwa ajili ya Mungu, usifanye kitu tena.

13 Machi, Jumatatu

Nimeandika barua usiku, nimeipeleka asubuhi kwa ofisa wa wilaya mwenyewe. Nimeeleza kwamba wale kumi na watatu ni mahari yangu. Waliingizwa kundini Ijumaa, baada ya fomu kujazwa, ndiyo maana hawamo kwenye fomu. Mchumba nimempa jina Keynan, mfanyabiashara wa Habaswein, mwepesi wa hasira, moyo safi. Hayupo duniani. Aabo hajui. Arbia hajui.

Karani aliisoma mara mbili, akanipongeza, akaipiga muhuri. Ofisa anataka kumwona bwana harusi Alhamisi, saa tatu asubuhi, akiwa na kipande chake cha kitambulisho. Nimetia sahihi kwamba atafika.