Suruali Yenye Mfuko wa Mguu

Jumatatu, tarehe 6

Nimeaibishwa mbele za watu. Aliyeniaibisha ni mguu wangu mwenyewe. Wa kushoto.

Wiki nzima mke wangu ananiimbia: twende yoga, twende yoga, mgongo wako umekuwa ndoano. Nikamjibu kuwa fundi cherehani asiyepinda mgongo ni mvivu. Mwisho nikakubali. Sababu ninayo, ila siisemi kwa mtu: ni miaka sijaombwa na mwanamke huyu kitu cha kufanya wote wawili kisichohusu vifungo. Duka letu ni moja. Mimi nakata na kushona, yeye anatia vifungo, anakunja pindo, anapiga pasi. Tunashinda pamoja kutwa na katikati yetu kuna rundo la nguo za watu.

Ukumbi uko juu ya duka la rangi. Mwalimu ni mwanamke mwembamba, anaongea taratibu kama vile kuna mtoto kalala chumba cha pili. Katangaza kuwa Jumamosi ndugu na majirani watakuja kututazama. Tutasimama wawili wawili, mkao wa mti: mguu mmoja chini, unyayo wa pili juu kwenye paja, mkono umeshika mkono wa mwenzako. Kisha mnabadilisha mguu.

Kwa mguu wa kulia mimi ni mnara. Ndio unaokanyaga cherehani, una misuli ya punda. Wa kushoto miaka yote umekaa kando ukimtazama mwenzake akifanya kazi. Leo nimeusimamia. Umekataa! Wa kulia nao, kwa uzito wake, ukateleza pajani ukanivuta. Nikamwangukia mke wangu, mke wangu akaiangukia safu ya mbele. Watu wakalala chini kama nguo zilizokatikiwa kamba.

Mwalimu kasema, kwa upole wa kuudhi, nisijilazimishe. Niusikilize mwili. Kama mguu hautakuwa tayari, Jumamosi nitapumzika na mke wangu atasimama na Mnofu.

Mnofu! Muuza nyama, jirani yetu wa duka la pili, jitu lenye tumbo la kutangulia. Hubeba nyama leo bega hili, kesho lile, kwa hiyo amekaa sawa pande zote kama kabati. Naye huanguka, sikatai. Huanguka, hucheka, huinuka, halafu husimama kama nguzo. Na Mwalimu humsifu, eti anajikubali alivyo. Tangu lini mtu akasifiwa kwa kuanguka?

Njiani nikamuuliza mke wangu kama angependa kusimama na Mnofu. Kasema angependa kusimama na mumewe. Halafu kaongeza: akiweza. Neno hilo nimekuja nalo hadi nyumbani.


Jumanne, tarehe 7

Nimepata dawa. Rahisi mno! Kama mguu wa kulia umepata nguvu kwa kukanyaga cherehani, basi wa kushoto nao ukanyage. Leo kutwa nimeshona kwa kushoto.

Ajabu ya mguu ule. Ukiuambia twende, unakimbia. Ukiuambia simama, unakimbia zaidi. Suruali ya mwalimu mkuu wa shule ndiyo ilikuwa kwenye cherehani. Mshono ulianza vizuri kiunoni, ukafika gotini ukaona dunia ni pana, ukaondoka zake.

Jioni mwalimu mkuu kaja kuijaribu. Kasema mguu mmoja wa suruali unafika kwenye kiatu na mwingine unaishia kwenye soksi. Nikamwambia ndio mtindo. Kasema hajauona popote. Nikamwambia hapo ndipo uzuri wake ulipo. Akajitazama kwenye kioo kwa muda, akauliza kama mtindo huo unamtaka mtu atembee kiupandeupande. Mke wangu kaingilia kati, kaomba radhi, kaahidi kuirekebisha yeye mwenyewe. Kisha kanitazama. Jicho hilo nalijua.

Mguu wa kushoto unawaka moto. Haujajifunza kitu, ni kiburi tu.


Jumatano, tarehe 8

Kama mimi siwezi kupanda, basi Mnofu ashuke. Si ubaya. Ni mizani.

Asubuhi nimemshonea suruali ya mazoezi, zawadi. Kiuno nimempa nafasi ya kutosha asishuku. Lakini mapaja! Mapaja nimeyabana hadi suruali yenyewe ilikuwa inapumua kwa shida. Ndani ya vazi lile mtu anaweza kusimama, anaweza kuomba msaada, ila kuinua mguu hawezi.

Mnofu kaipokea kwa mikono miwili. Kasema tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemshonea kitu bila kuombwa. Machozi yakamlengalenga. Nikaona vibaya kidogo. Kidogo sana, ikapita.

Jioni ukumbini kavaa. Mwalimu kasema tuinue mguu wa kulia. Mnofu kainua. Suruali ikapasuka kuanzia mbele, ikapita chini, ikatokea nyuma, kwa sauti kubwa hadi wa duka la rangi wakapanda ngazi kuuliza kulikoni. Ndani alivaa kaptura ya maua. Nikasubiri akimbie kwa aibu.

Akacheka! Akacheka hadi tumbo likacheka peke yake baada ya yeye kunyamaza. Na mguu hakuushusha. Mwalimu kasema tumtazame sote, huyo ndiye mtu aliye na amani na mwili wake. Watu wakapiga makofi. Mke wangu kavua mtandio wake kamfunga kiunoni. Mtandio niliomnunulia mimi!

Mnofu kawaambia wote kuwa suruali ni zawadi yangu na kosa si la fundi, ni la mapaja yake. Njiani mke wangu kanishika mkono kidogo, kasema hakujua kuwa nina moyo mzuri hivyo. Usingizi hauji— hapana, unakuja, ila kwa ubavu mmoja.


Alhamisi, tarehe 9

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimesimama wima.

Shida si mguu wa kushoto. Shida ni wa kulia: ukiuweka juu ya paja unateleza. Sasa kitu kikiteleza nguoni, fundi hufanya nini? Hukitilia mfuko! Nimeshona mfuko kwenye paja la kushoto la suruali yangu, upande wa ndani, mdomo ukitazama juu. Rangi ileile, mshono wa kujificha, huuoni hata ukiambiwa. Mdomoni nimepitisha lastiki. Unainua mguu, vidole vinazama humo, mguu umekaa. Mti umeota!

Nimeujaribu dukani mke wangu alipokwenda kununua vifungo. Mguu uliingia vizuri sana. Kutoka, ukagoma.

Lastiki nilipima kwa mguu unaoingia, sikupima kwa kisigino kinachotoka. Nikavuta. Nikabembeleza. Nikatukana. Nikaanza kuruka kwa mguu mmoja kutafuta mkasi, na mkasi ulikuwa upande wa pili wa duka, chini ya rundo. Nikaruka kuzunguka meza. Nikaruka kukwepa pasi ya moto. Kaingia mteja, nikampimia mikono na kifua huku naruka. Kasema fundi una haraka leo. Nikamwambia kazi nyingi.

Sijui nimeruka muda gani. Mara kaingia Mnofu, begani kabeba mguu wa mbuzi. Shukrani ya suruali! Kaniona, kauliza hilo ni zoezi jipya? Ningesema nini? Nikasema ndiyo, la siri. Akautundika mguu wa mbuzi kwenye hanga la koti la mtu, akakunja wake, akaanza kuruka nyuma yangu. Chupa za mafuta ya cherehani zikaanguka moja moja. Tukaruka hadi pumzi zikamwisha, ndipo akaona kuwa mimi siwezi kusimama hata nikitaka. Kanivuta mguu kwa nguvu zake zote za kazini. Ukachomoka, tukaanguka wote wawili.

Hivyo ndivyo mke wangu alivyotukuta. Sakafuni, Mnofu kakumbatia unyayo wangu, mguu wa mbuzi unatutazama kutoka kwenye hanga. Sikuona haja ya kueleza. Mnofu alieleza, vibaya.

Mke wangu kainama, kaondoa kipande cha uzi kwenye paja la suruali yangu. Katabasamu. Kauliza suruali hii ndiyo ya Jumamosi? Nikasema ndiyo. Kasema ataipiga pasi yeye. Maskini, hajashtukia kitu.


Ijumaa, tarehe 10

Nimelegeza lastiki. Sasa mguu unaingia na kutoka. Mshono wa mfuko nimeupiga mara tatu, ungeweza kubeba gunia la saruji.

Mchana nikamkuta mke wangu anaipiga pasi suruali, taratibu, anaimba. Zamani alikuwa anaimba hivyo. Kabla ya duka tulikuwa tunatoka jioni kutembea, mkono kwa mkono, hatuendi popote. Nikasimama mlangoni nikamtazama. Nampenda mwanamke huyu, na kesho akimshika mkono yule kabati mbele ya watu, mimi nitafia kitini.

Lakini hatamshika. Ninao mfuko.


Jumamosi, tarehe 11

Nimesimama! Salale, nimesimama!

Ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alikuwepo, kavaa suruali iliyorekebishwa. Mwalimu wa yoga kauliza kwa upole kama niko tayari au nipumzike. Nikamwambia nimeusikiliza mwili na umesema twende. Mnofu kanipungia mkono, kapangwa kusimama na Mwalimu mwenyewe.

Mguu wa kulia kwanza: mnara, kama kawaida. Kisha tukabadilisha. Nikainua wa kulia, vidole vikaingia mfukoni, nikavuta pumzi. Nikasubiri dunia ipinduke. Haikupinduka. Mke wangu kanishika mkono. Kiganja chake kina vidonda vidogo vidogo vya sindano, nilikuwa nimesahau. Sikutazama watu. Nilitazama mbele, na nilikuwa na furaha hadi masikio yakapata moto.

Karibu yetu Mnofu kaanguka, kamwangusha na Mwalimu, wakacheka, ukumbi mzima ukacheka, vumbi likapanda. Mimi sikutikisika. Nilisimama hata baada ya wengine kushusha miguu. Mke wangu kaniambia chini chini inatosha, watu wameanza kwenda nyumbani.

Tumerudi na mkono wake mkononi. Tumezunguka njia ndefu, hatuendi popote.


Jumapili, tarehe 12

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimeyaamini maneno hayo, maana nguo ni ile ile.

Baada ya chai mke wangu kaniambia nikae. Kasema mfuko aliuona tangu Alhamisi. Kasema Ijumaa, nilipokwenda kumpimia mteja nyumbani, aliufumua mshono wote, akaurudisha kwa bandi. Nyuzi mbili tu. Bandi, ule mshono wa kushikizia nguo kabla ya kuishona kweli, ambao mtoto anaukata kwa kidole! Nikamuuliza alitaka nife mbele za watu?

Kasema hapana. Kasema kama ningeanguka, alishapanga kuanguka na mimi, tucheke kama anavyocheka Mnofu. Ila alitaka nijue jambo moja. Kama uzito wa mguu wangu ungekuwa kwenye ule mfuko, bandi ingekatika papo hapo. Haikukatika. Kasema mguu wa kushoto nimeutesa Jumanne kwenye cherehani, nikaurusha Alhamisi kuzunguka meza, na sasa umepata nguvu, unanisimamisha wenyewe. Kasema yeye anamtaka mumewe kama alivyo, na mgongo wake wa ndoano, bila lastiki. Alikuwa na machozi. Nami nikatokwa na machozi.

Nikaenda kuichukua suruali. Nikaivuta ile bandi kwa kidole kimoja. Ikakatika bila sauti. Nikakaa chini. Nikamwambia mke wangu nimeelewa. Nimeelewa kila kitu. Kanikumbatia.

Nyuzi mbili! Nyuzi mbili zimebeba mwanamume mzima, na mguu wenye misuli ya punda, mbele ya ukumbi uliojaa watu! Na mimi mjinga nimepiga mshono mara tatu! Nimemuuliza alitumia uzi gani. Kaniachia, kanitazama usoni kuona kama natania. Kasema ule mweupe wa kawaida, wa kwenye droo ya juu. Nimeutoa, nimeuficha kwenye kiatu. Mnofu akiujua huu, ataanza kusimama kwa kidole.

Mwalimu kasema wiki ijayo tunajifunza kusimama kwa kichwa. Wenye haraka wataanguka, kasema. Wacha waanguke. Mimi nimeshakata kofia: juu bapa kama kiti, pembeni mikanda ya kushika mabega. Nimeishona kwa bandi tupu. Nyuzi mbili.

Mke wangu kaipiga jicho kofia. Sasa hivi anaburuta magodoro yote ya nyumba kuyaegemeza ukutani, na Mnofu kaitwa kumsaidia. Sijui wana wasiwasi gani.