Tone Chini ya Turubai

Mgeni rasmi, ambaye yuko njiani na pengine hajaondoka. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Boti, wa Kamati Ndogo ya Injini na wa Kikosi Kazi cha Turubai. Viongozi wetu wa dini. Waanika dagaa na wakaanga mihogo. Mabibi na mabwana: mwakeye! (Watu: "Mwakeye!") Mimi Anatoli, mwenyekiti wa kamati zote tatu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao si kila mtu amejaliwa. (Makofi ya mtu mmoja, nahodha wake Bariki.)

Ndugu zangu, mnaiona boti hii ya wagonjwa, iliyojengwa ili mama mjamzito asipelekwe tena Kibirizi kwa makasia ndipo atafutiwe gari la hospitali. Mnaliona na turubai la injini nyuma yake, ambalo kwa desturi yetu halifunuliwi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Sasa, wiki iliyopita, chini ya turubai hilo lilionekana tone. (Minong'ono.) Tone la oili! Wakorofi wakasema, "Si mfunue, mkaze nati?" Nikasema hapana, maana nchi haijengwi kwa spana bali kwa mchakato, tukafanya fizibiliti stadi, tukaketi warsha mjini Kigoma na semina elekezi Ujiji, ambako kuku waliliwa kwa uadilifu mkubwa, na tukabaini kwamba asilimia tisini na nane ya injini haivuji kabisa, na hiyo mbili inayovuja, inavuja kwa viwango vya kimataifa. (Vicheko.)

(Rozalia, mjamzito, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa: "Mheshimiwa, uchungu umenianza tangu asubuhi. Mnaitengeneza au hamuitengenezi?")

Swali zuri sana, dada Rozalia, na limepokelewa. Tusipotengeneza, tutaitwa wazembe. Tukitengeneza, tutakuwa tumefunua kabla ya mgeni rasmi, jambo ambalo halina kifungu. Hivyo kamati imeamua kwa kauli moja, yaani yangu, kwamba tone likingiwe kisosi. (Vigelegele. Mzee mmoja anacheka mpaka kofia inamdondoka.)

Mnauliza, mbona oili yenyewe nyekundu? Ni teknolojia mpya. Mbona inanukia kama mboga ya mchana? Ni rafiki kwa mazingira!

(Bibi Veneranda, muuza mawese: "We Anatoli! Hilo dumu langu la mawese! Nimeliweka humo lisipigwe jua, si palikuwa patupu?" Anavuta turubai. Dumu la njano, peke yake. Watu wanashikana mabega kwa kicheko.)

Shikamoo, Bibi. Mchango wako umepokelewa. Utulivu, tafadhali! Turubai tulilitanguliza makusudi, ili injini ikija ikute heshima yake inaisubiri, na katika hilo utekelezaji umefikia asilimia mia moja ya turubai... (Rozalia anaguna, anashika kiuno. Wanawake wanamwinua, lakini hawaelekei nyumbani. Wanaelekea kwenye boti nyingine, aliyokuja nayo Anatoli, yenye injini nzima. Bariki: "Pandeni, mama zangu, shikeni hapa!") Bariki! Hiyo ni boti ya kamati! Bariki, kuna utaratibu! (Injini inanguruma.) Angalau vueni viatu!

(Boti inaondoka. Ufukwe mzima unaruka kwa shangwe.)

Naam. Kama mnavyojionea kwa macho yenu, huduma ya boti ya wagonjwa imezinduliwa leo hii, chini ya uongozi wangu mahiri. Mchakato! (Watu: "Kisosi!") Uwazi! (Watu: "Kisosi!") Maendeleo! (Watu: "Kisosi, na mtoto aitwe Kisosi!")

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili, ambao bila shaka wangetupa injini kama katika vikao vyetu vyote tungekumbuka kuwaomba. Namshukuru Bibi Veneranda kwa kutupatia kitu cha kujadili. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa, kwa unyenyekevu uleule, naomba mwenye mtumbwi na makasia anifikishe Kibirizi.