Silabi Isiyotamkwa Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 12 Februari
Bahati imeshuka hapa mjini kwetu Sagure na basi la saa nne! Ni binti wa chuo kikuu, Leensaa, na kinasa sauti chake. Anatafuta mtu wa kumsomea silabi zote za Kioromo, fupi na ndefu. Sauti hiyo ndiyo watoto wa wilaya nzima watakayoisikiliza wakijifunza kusoma. Mtu mmoja tu! Nani kama si mimi? Jirani yangu Tufaa naye anajinadi. Debe tupu.

Jumanne, 13 Februari
Nimeanguka mtihani. Kosa la unyoya! Lugha yetu ina sauti za kupasuka kinywani bila pumzi kutoka. Leensaa akanishikia unyoya wa kuku mbele ya midomo, akasema nikitamka sawasawa hautatikisika. Uliruka hadi kwenye bakuli la maziwa. Ni hili pengo la meno, zawadi ya teke la farasi wa Tufaa. Na Tufaa huyohuyo akacheka mpaka akakaa chini, akanishauri niende kwa mhunzi nikapulize moto.

Lakini nina wazo. Mke wangu Shashituu! Akiita ng'ombe wetu, hata wa jirani huja. Yeye asome, mimi niwe msimamizi. Tufaa atakoma.

Jumatano, 14 Februari
Shashituu amezimaliza sauti za kupasuka, unyoya kimya! Nikavimba kichwa. Ba, baa, be, bee... akafika "bu". Akairuka. Leensaa akamrudisha kwa upole. Akairuka tena.

Hapo nikakumbuka. Baba yangu anaitwa Burqaa. Kwetu mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe, wala neno linaloanza kama jina hilo. Kahawa, ambayo sote tunaiita buna, kwake ni "ile nyeusi". Miaka kumi na mmoja! Nimezoea hata sisikii.

Nikamwambia Leensaa, bila kupepesa macho, kwamba hapa Sagure silabi "bu" ilikufa zamani. Akaanza kuandika! Dakika hiyohiyo Tufaa akapaza sauti ng'ambo ya ua: "Mzee Burqaa! Njoo, buna imeiva!" Mtu ana roho mbaya huyu.

Alhamisi, 15 Februari
Nimemwomba baba abadilishe jina, kwa wiki moja tu. Akanitazama. Akauliza kama nimekula. Kisha akamwita Shashituu, akamwambia atamke tu, yeye hatakasirika. Shashituu akainama, akajibu kwamba ruhusa ameisikia na anashukuru, ila heshima ni yake mwenyewe na mdomo wake haukubali. Nikamnong'oneza kwamba kazi itakwenda kwa Tufaa. Akasema basi iende. Lakini machozi yalimlenga. Kumbe aliitaka sana kazi hii, kuliko mimi! Nikajisikia vibaya kwa kama nusu saa.

Jumamosi, 17 Februari
Leensaa amemfuata Shashituu jikoni, akaelezwa mwiko wote. Ameamua: "bu" na ndugu zake wachache atasoma Tufaa, silabi nyingine zote ni za Shashituu! Tena amefungua daftari jipya la maneno yanayokwepwa. Uani kwangu wamejaa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na silabi anayoikwepa kwa heshima ya wakwe. Huyu hataji maziwa, yule hataji farasi, na wanaelewana wote, wanacheka. Shashituu anang'aa. Mimi namimina kahawa. Nimefurahi, kweli nimefurahi.

Ila nani kasema heshima ni ya wake peke yao? Mume naye hatamki jina la mama mkwe. Nimemweleza Leensaa kwamba hapa Sagure hakuna anayekwepa kama mimi. Ameandika jina langu! Jumatatu ananirekodi.

Tatizo ni dogo tu. Mama mkwe anaitwa nani? Miaka yote namwita "mama", na Shashituu siwezi kumwuliza, atanicheka. Nitamwuliza Tufaa. Huyo hawezi kuniharibia.