Marehemu Tindo Abaki Marehemu

Najma, Doha
7 Machi 2014

Kwa Ndugu Dairekta,

Huna haya. Nakuita Ndugu Dairekta kwa kuwa jina la babu yako nimekunyang'anya mpaka jambo hili liishe. Ulipokuwa mchoraji wa katuni ulikuwa mtu wa maana. Wenzako kule kwenye kambi za vibarua za Industrial Area walipokezana kurasa zako mpaka zikalainika kama khanga kuukuu. Sasa umeshika kamera, umeota pembe. Mimi bibi yako, mzaa mama, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Tindo, Mfalme wa Mchanga, alikufa. Ulimuua wewe mwenyewe, ukamchora kamezwa na joka, miguu inaning'inia nje. Leo nasikia kwenye sinema yako anafufuka. Kwa ruhusa ya nani? Wanawake wa jengo hili tulimkalia matanga, hapa hapa sebuleni kwa mama yako. Nikapika pilau ya mbuzi. Pilau ile sasa nani aitapike? Na usiniambie eti alikuwa wa kuchorwa. Najua. Usinifanye mjinga.

2. Mkewe, Nuriya. Ulitaka kumpeleka vitani papo hapo, nikakukataza: mjane hapigani na majoka akiwa edani. Ukamkalisha eda, vizuri. Alipotoka nikamwozesha kwa yule mchawi Shabari, maana ana nyumba na hanywi pombe. Harusi ukaichora. Sasa Tindo akiinuka, mwanamke ana waume wawili. Kamera yako ina jibu?

3. Huyo Tindo wako mpya ni Nahashon, mlinzi. Kijana mzuri, lakini marehemu hakuwa na kitambi. Tena marehemu alikuwa akiruka mpaka mwezini. Huyu anapanda pikapu. Juzi mmetoka kupiga picha jangwani Al Wukair, akaja mlangoni na joho la marehemu, mchanga mpaka kwenye kope: "Shosho, uko na maji ya kunywa?" Nilimrushia ndala. Radhi sijamwomba. Aliyekufa haombi maji.

4. Hili ndilo kubwa, lisome umekaa. Khadija wa ghorofa ya chini alipigiwa simu kuwa mama yake kafariki Tanga. Tajiri wake hakumpa ruhusa ya kwenda. Mama akazikwa, yeye akarudi kupiga pasi mashati ya watu, macho makavu. Siku ya matanga ya Tindo ndipo alipolia, mpaka tukamshika huku na huku. Na si yeye tu. Kila aliyekuwa sebuleni pale alikuwa na mtu wake aliyezikwa yeye hayupo. Tindo alitubebea wote. Sasa wewe, kwa kuwa umejua kusema "anza" na "kata", unamrudisha huyu peke yake, na wa kwetu je? Huo ni upendeleo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, sinema ifutwe, kamera uliyoazima irudi kwa mwenyewe, na Tindo arudishwe tumboni mwa joka kabla ya Iddi.

Nisalimie wote wa chumbani kwenu. Philipo anayewashikia taa mwambie ale, amekonda. Nahashon simsalimii.

Ni mimi mwenye hasira na haki yangu,
Bibi Zainabu

N.B. Barua hii nimemsomea Khadija kabla ya kuifunga. Akasema, "Bibi, mwache ainuke. Huyo mmoja tu." Basi, mfufue. Shabari atoe talaka, nitamtafutia mke mwingine mwenyewe. Lakini Tindo akishainuka asikimbilie upanga. Kwanza aende nyumbani, abishe hodi, na wa kumfungulia mlango mbele ya kamera awe Khadija, si hao wasichana wako wa sinema wenye kope za bandia. Ijumaa ana mapumziko. Njoo umchukue, na usichelewe.