Begi Litakalomnyamazisha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechekwa. Ndani ya studio yangu mwenyewe, mbele ya mteja wa picha za pasipoti! Shemeji, kaka yake mke wangu, aliingia bila hodi, akanikuta natoa kamera mkobani, akashika mbavu. Sawa, mkoba wenyewe una dubu watatu na kimfuko cha chupa ya maziwa pembeni. Ulikuwa wa nepi za kifungua mimba wetu. Kifungua mimba sasa ananyoa ndevu, mkoba ungali mzima, niutupe kwa nini? Shemeji akamwambia mteja atulie tu, atabadilishwa nepi sasa hivi. Mteja akacheka. Ikabidi nimpige mara nne, maana pasipoti haitaki meno.

Shemeji anauza simu. Kwake yeye kamera ni kitu cha kuwekwa makumbusho, na mimi niwekwe pembeni yake.

Alipomaliza kucheka ndipo akatoa ujumbe aliotumwa. Mama mkwe anataka picha Jumamosi. Watoto wake wote sita, mbele ya nyumba ya zamani kule juu kilimani. Dada mkubwa, yule muuguzi, amekuja likizo baada ya miaka kumi na mmoja ughaibuni, na Jumapili anapanda ndege kurudi. Tangu baba yao azikwe hawajawahi kukutana wote sita. Mama mkwe amesema kazi hiyo ni yangu mimi, si ya mtu mwingine. Shemeji akasema naye atakuja na simu yake, endapo. Endapo nini? Hakumaliza. Akaondoka anapiga mluzi.

Barabara ya kilimani ililiwa na mvua. Ni kwa miguu, dakika arobaini, mawe matupu. Kamera, lenzi mbili, flashi na stendi ya miguu mitatu, vyote nivibebe mimi. Na dubu? Thubutu! Nataka begi la mgongoni. Begi la mpiga picha hasa. Begi litakalomnyamazisha shemeji.

Jumanne, 4 Machi

Nimetumia akili. Muuzaji akiona kamera, bei inapanda papo hapo, hilo analijua kila mtu. Kwa hiyo kamera nimeiacha nyumbani. Nikachukua vitu vya umbo lake na uzito wake. Kamera: pasi ya umeme ya mke wangu. Lenzi ndefu: chupa ya chai. Lenzi fupi: mkebe wa majani ya chai. Flashi: brashi ya viatu. Stendi: ufagio wa mpini mrefu. Nikavitia vyote kwenye gunia, nikashika njia.

Kibanda cha muuza mabegi kimejaa mpaka mlangoni, unaingia umeinama. Nikajaribu begi la kwanza, la pili, la tano. Pasi ndani, chupa ndani, ufagio ubavuni, natembea hatua tatu, natoa. Muuzaji ananitazama tu. Mwishowe akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, mama watoto kanifukuza lini. Sikuelewa. Akasema nisione haya, hata yeye alifukuzwa mwaka juzi, na alitolewa na sufuria moja tu. Mimi angalau nimeachiwa pasi. Akanisihi nirudi nikaombe radhi kabla kufuli halijabadilishwa.

Nilitaka kukana. Kisha nikaona hesabu inakwenda vizuri. Nikainamisha kichwa, nikashusha pumzi ndefu. Akanipunguzia bei! Begi jeusi, mikanda ya kifuani, mifuko kumi na mmoja. Wajinga ndio wanaokwenda dukani na kamera.

Jumatano, 5 Machi

Kamera haiingii.

Mifuko kumi na mmoja! Upo wa kalamu, upo wa miwani, upo wa chupa ya maji. Tumbo lenyewe limegawanywa kwa ajili ya kompyuta. Pasi ilipita humo bila taabu kwa sababu ni bapa. Kamera ina kitambi. Hilo sikulipima. Nikafunga stendi ubavuni ili nione angalau hapo pakoje. Ikanivuta kushoto, nikatembea upande upande hadi mlangoni, ikanasa fremu, nikageuka, ikaangusha saa ya ukutani. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni ni nini hicho. Nikasema ni saa moja kasoro.

Nikarudi kibandani kulibadilisha. Sijafungua mdomo, muuzaji ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili, anauliza kama nimerudishwa. Uso wote huruma! Ningemwambia nini? Nimetoka na begi lile lile na ushauri wa ndoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Fundi viatu wa mtaa wa nyuma atang'oa ule mgawanyo wa kompyuta, atajenga vyumba vya sponji, kila kifaa na chumba chake. Stendi itasimama katikati ya mgongo, wima, isinivute popote. Vipimo nimempa vya pasi na wenzake. Nimwachie kamera yangu mtu anayeshinda na gundi vidoleni? Labda nimerogwa. Ila safari hii nimemwambia aongeze vidole viwili kila upande, kwa ajili ya kile kitambi. Mtu hujifunza.

Fundi hana sponji. Duka la sponji liko mbali. Kochi liko sebuleni. Nikachukua kisu, nikafungua zipu ya mto mmoja, ule wa pembeni asioukalia mtu, nikakata kiasi. Kiasi kidogo tu. Nikajazia magazeti, nikafunga. Huwezi kujua.

Jioni mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo hukaa katikati, leo akaamua kukaa pembeni. Lo! Alizama mpaka kwenye ubao, magoti yakamfika kidevuni. Nikajitia hamnazo. Nikamuuliza kama ameongezeka kilo. Sijui ni nani aliyenituma kusema hivyo. Nimekula barazani, peke yangu, chakula cha baridi.

Ijumaa, 7 Machi

Begi limetoka! Fundi ana mikono ya dhahabu. Kamera imeingia, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Lenzi mbili, flashi, betri ya akiba. Stendi wima mgongoni. Nilisimama mbele ya kioo cha studio mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akauliza kama anaweza kujitazama na yeye.

Ila mzigo mpya unataka mazoezi. Nimepanda ngazi za jengo la ghorofa lililo mkabala, juu chini, mara kumi na mbili. Na kamera halisi? Nina wazimu? Nikijikwaa je? Vifaa vyote nilivitoa, nikavirudisha kwenye mkoba wa dubu, salama salimini. Begini nikapakia pasi, mkebe, brashi na chupa ya chai. Chupa niliijaza maji ili uzito uwe sawasawa. Stendi yenyewe nikaiacha pale pale mgongoni, ile ni chuma, haina la kuogopa. Ghorofa ya nne nilivunja taa. Mlinzi alisema mengi. Nimerudi hoi, begi nikaliweka mlangoni tayari kwa safari, nikajitupa kitandani na viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa sababu daftari hili ndilo pekee lisilonicheka.

Asubuhi ilianza kwa vurugu. Mke wangu anatafuta pasi nyumba nzima, haipo. Chini ya kitanda, haipo. Akavaa gauni na mikunjo yake, analalamika kwamba nyumba hii haina mpango. Nikamwambia kwa upole kwamba ajifunze kwangu, mimi vyangu vyote vimepakiwa tangu jana. Tulipofika mlangoni akaushika mkoba wa dubu, akasema mbona mzito, tuuchukue? Ebo! Leo, mbele ya shemeji? Nikamnyang'anya, nikaufungia kabatini mwenyewe. Kwa ufunguo.

Kupanda hakukunisumbua. Uzito niliuzoea, ulikuwa ule ule wa jana kabisa, nikajipongeza kimoyomoyo. Shemeji alikuja mikono mfukoni, akalitazama begi mbele na nyuma, akasema ama kweli, hilo ni begi. Jamani! Nilisubiri maneno hayo wiki nzima. Mama mkwe alishikwa mkono na dada mkubwa. Alipumzika mara tano. Dakika arobaini zikawa saa moja na nusu, lakini hakukubali kubebwa.

Wakajipanga mbele ya mlango wa zamani, kwa kufuatana kuzaliwa, Mama katikati juu ya kigoda. Nikasimamisha stendi, mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Nikaipima isiiname. Nikawaambia wasikodoe macho. Nikamwambia shemeji aingize tumbo. Kisha nikafungua zipu.

Pasi.

Nikafunga. Nikafungua tena. Pasi bado.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wangu. Alisema ile ni pasi yake. Dada mkubwa akakaa chini kwenye majani, machozi yanamtoka kwa kicheko. Nikaendelea kupekua, labda kamera iko chini. Ikatoka chupa ya chai. Mama mkwe, koo limemkauka, akamshukuru mkwe wake kwa kumfikiria, akajimiminia. Maji ya bomba.

Halafu kicheko kikaisha. Kurudi nyumbani na kupanda tena haiwezekani, jua limekwenda, na kesho ndege. Mama akajitazama miguu, akasema polepole, bila kunilaumu, kwamba kilima hiki yeye hatakipanda tena. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ile ya dubu ilikuwa mchezo.

Shemeji hakucheka. Lazima niandike, hakucheka. Alitoa simu. Lakini naye ni mmoja wa wale sita, nani apige? Mimi, nikasema. Mama mkwe akakataa. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akatuambia tuifunge simu kwenye stendi yangu, ijipige yenyewe. Tukaifunga. Simu ikaanza kuhesabu, mimi nikajitoa pembeni kama kawaida yangu. Akaniuliza nakwenda wapi. Akasema ana picha zangu za miaka kumi na tisa, arusi, ubatizo, msiba, na simo hata katika moja. Mtu akizitazama atadhani binti yake aliolewa na kivuli. Nije nisimame nyuma yake, mwanawe. Nikaenda. Pasi ilikuwa bado mkononi. Nikataka kuiweka chini, akanikataza.

Vumbi la kule juu ni baya mno. Liliniingia macho yote mawili.

Jumapili, 9 Machi

Dada mkubwa amepanda ndege. Mama mkwe hakulia pale uwanjani, alikuwa anaitazama picha kwenye simu. Wote wanacheka, hata yeye. Nikaonyesha kwamba nyumba imeinama kidogo kushoto. Nikaambiwa na watu wanne kwa pamoja ninyamaze.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe anaitaka picha iwe kubwa, ya kutundika sebuleni, na isisafishwe popote ila kwangu. Shemeji ameileta. Amewahadithia wateja watatu habari za pasi, mmoja akaomba kurudiwa.

Nimekaa peke yangu nikatafakari kwa utulivu kosa liko wapi. Nimelipata. Ni begi! Linafunga vizuri kupita kiasi, mtu haoni kilichomo. Ninachohitaji ni begi lenye kidirisha cha plastiki mbele. Na la pili, la mazoezi, ili vitu visichanganyike. Kesho asubuhi naenda kwa muuza mabegi, na safari hii nitamwambia nimefukuzwa mara ya pili, huenda akapunguza zaidi.

Kamera naiacha nyumbani, bila shaka. Mke wangu ameifungia pasi kabatini na ufunguo anatembea nao. Haidhuru. Blenda iko wazi pale jikoni. Nimeipima mkononi, uzito wake na kamera ni mmoja, na ina kitambi.