Folda Zangu Ukutani

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na aliyenivua ni seva niliyoitengeneza kwa mikono yangu.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya usafirishaji mizigo hapa Kamalondo. Fundi hodari (sifa najipa mwenyewe). Asubuhi nilikuwa natengeneza seva ya barua pepe. Kazi ni ndogo: unaionyesha folda moja tu ya kila mtumiaji, ile ya barua, na kuikataza nyingine zote. Nikajaribu kwenye akaunti yangu kwanza. Barua ikaingia. Nikaridhika, sikuangalia zaidi.

Baadaye Directeur, mkuu wetu, akaita ofisi nzima ije kuona. Clarisse wa mapokezi akakaa mbele kabisa. Huyu Clarisse, tangu mwaka jana natafuta namna ya kumwambia kwamba nampenda. Mpaka leo nilikuwa nimefika kwenye "bonjour" na "zima, halafu washa".

Nikafungua barua zangu, projekta ikarusha ukutani. Barua zilikuwepo, safi. Lakini pembeni seva ilikuwa imepanga kila folda yangu, hata zile zisizoihusu. Kumbe sikuikataza hata moja!

Directeur macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo husoma kwa sauti.

"Mariage na Clarisse, kitambaa ya famille." Akasogeza kiti. "Mariage na Clarisse, musique... Mutoto wa kwanza, Télesphore."

(Ndiyo, mariage ni harusi. Na Télesphore ni marehemu babu yangu, aliyefanya kazi kwenye reli. Kwetu jina la babu halipotei.)

Natafuta waya wa umeme niung'oe, siuoni!

"Mademoiselle Clarisse, hii mariage iko siku gani?"

"Miye pia njo nasikia saa hii, Directeur."

Walicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuchungulia. Nikaongeza mbele yao ule mstari mmoja wa kuikataza seva, jasho linanitoka, folda zikapotea ukutani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mchana nikajificha chumba cha seva. Mlango ukagongwa. Clarisse! Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Télesphore, hapana. Tafuta jina ingine."

Akafunga mlango, akaenda zake.

Basi jamani, chekeni polepole. Kuna mtu hapa anatafuta jina la mtoto.