Mabati Yako Hedaru, Jengo Liko Myamba

Ndugu Abdulmajid,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Hisani, Hedaru.

Asalaam aleikum, na pole kwa pilika za maandalizi.

"Kila hatua yako ni bati moja juu ya chumba cha kujifungulia Myamba." Hayo ni maneno ya tangazo lako, na limebandikwa hadi kwenye mlango wa zahanati yetu. Nimeyapima kwa miguu yangu. Kutoka kwangu hadi mlango huo ni hatua mia sita na kumi. Kwa hesabu yako, nilipofika kulisoma nilikuwa nimekwisha kuezeka chumba hicho, kanisa, na banda la mbuzi wa jirani yangu Dorkas. Nikainua macho. Kuta bado zinatazama mbingu.

Vuli inaingia Novemba. Binti yangu Anaeli anatarajia kujifungua Novemba hiyohiyo. Kwa hiyo utanisamehe nisipoyapamba malalamiko yangu.

1. Mabati yamo dukani kwako, Hedaru. Jengo liko Myamba. Jumamosi watu mia mbili watatoka Hedaru kupanda Myamba, mikono mitupu! Huku kwetu pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, kila mtu huja kazini na kitu: jiwe, mchanga, ndoo ya maji. Anayeleta mikono yake tu hutozwa jogoo. Kamati yako inadaiwa majogoo mia mbili.

2. Lori lipo, nakubali. Litapandisha spika, jukwaa, machungwa na maji ya chupa; yaani maji mnayarudisha mlimani yalikotoka. Mabati, nimeambiwa, yatafuata "baada ya tathmini".

3. Medali mnazowaandalia wakimbiaji. Muuguzi wetu Hedwiga hupanda mlima huohuo kila wiki, boksi la chanjo begani. Hajavikwa kitu shingoni zaidi ya mtandio wake.

4. Dorkas aliuliza sokoni, watu wote wakisikia: "Kwani hao wanaokimbia, nani kawafukuza?" Lakini kama kweli jasho linaezeka, tusiishie kwenye bati. Wakubwa wa barabara wakimbie mpaka lami itokee. Walimu wakimbie mpaka madawati yaote. Na mama aliyeshikwa na uchungu ateremke mbio hadi Hedaru. Mpokeeni kwa medali, na mtoto mpeni ya kwake.

Basi nadai hivi: kila mkimbiaji apande na bati moja kichwani, na mshindi awe yule ambaye bati lake halikupinda.

Msalimie mkeo Safia, vijana wa dukani, na wanakamati wote. Aliyetunga tangazo msalimie pia, ila kwa mbali.

Mimi, nisiyeridhika hata kidogo,
Eliufoo, mkulima wa tangawizi, Myamba.

Nakala: Mashemeji zangu, Kileo.

N.B. Jana nilijaribu mwenyewe, nisije nikadai nisichokijua. Kwenye kona ya pili upepo ulilibeba bati, nami nimeling'ang'ania, ukatutua wote wawili katikati ya shamba la Melkizedeki. Kwa hiyo dai langu lifutwe. Nimejiandikisha kukimbia, namba 117, mikono mitupu. Mashemeji wa Kileo, Anaeli ni mpwa wenu: niahidini bati moja kwa kila kilometa, na mlipe kabla sijaanza, kwa sababu magoti yangu nayo yameanza kulalamika.